Mateka wa Mzee Gama

Mama alipiga simu nikiwa nachambua mchele, mchele mpya wa bondeni aliokuwa ameniletea mwenyewe, ule ambao ukiingiza mkono kwenye ungo harufu yake inabaki vidoleni mpaka jioni. Sikupata hata nafasi ya kusema shikamoo. "Gama ametutoka," akasema. Nikasikia anapenga kamasi kwenye kanga. Halafu ikarudi ile sauti yake ya kutoa amri ninayoijua tangu nizaliwe: "Kesho asubuhi uwe hapa. Watani wenzangu wote magoti yamechoka, kazi ni yako. Na uje na simu yenye chaji."

Nilikaa na ungo mapajani. Nililia, sitaficha, lakini katikati ya kulia nikajikuta nacheka, kwa sababu nilijua mara moja simu yenye chaji ilikuwa ya nini.

Mzee Gama hakuwa ndugu yetu wa damu. Yeye alikuwa Mngoni wa Songea, sisi ni Wapogoro wa Mahenge tulioteremka Kilombero kufuata mpunga. Wazee wanasimulia kwamba babu zake waliwahi kuja na mikuki wakawachukua babu zetu mateka, na vita vilipokwisha, badala ya kurithishana chuki wakarithishana mzaha. Ndiyo maana tukaitwa watani. Mtani anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na huna la kufanya ila kumjibu vibaya zaidi. Ukifiwa anakuja kukuchekesha. Ukifa anakuja kuzuia kaburi lako mpaka alipwe.

Hayo nayaandika leo kwa wepesi. Nilipokuwa darasa la tatu sikuyajua. Nilichojua ni kwamba mtu mzima akisimama mbele ya umati akasema jambo bila kucheka, jambo hilo ni kweli, kama tangazo la misa au matokeo ya mtihani. Na Mzee Gama alikuwa hacheki. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kuu. Alikuwa na uso mrefu, mkavu, na akisema uongo mkubwa ndipo ulipozidi kuwa mkavu.

Baba yangu, Oswald, aliugua masika yote akafariki wakati mpunga unaanza kukauka. Siku ya maziko, pale nyumbani kwetu Lipangalala, Ifakara, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama. Mara akatokea Mzee Gama amevaa mabuti ya baba, koti la mvua la baba, na kofia ya baba ya ukindu yenye utepe wa bluu. Akapanda baiskeli ya baba, akazunguka uani mara kadhaa huku akipiga kengele. Kisha akaenda kaburini akakaa juu ya lundo la udongo na kutangaza kwamba hazikwi mtu. "Huyu ameondoka bila kuniaga, na alikuwa mateka wangu," alisema. "Basi shamba lake la bondeni nalichukua leo. Mjane nitamwachia alime kwa huruma yangu. Na haka katoto kataamia mpunga wangu, kafukuze ndege."

Haka katoto ni mimi. Nilitazama watu wazima waliokuwepo, nikisubiri mmoja wao apinge. Hakuna aliyepinga. Walicheka, hata mama alicheka huku machozi yakimtiririka, wakampa Mzee Gama kuku, akashuka kwenye udongo, na baba akazikwa. Nikaelewa kwa akili yangu kwamba tumekwisha kuuzwa. Mama alicheka, nilijiambia, kwa sababu mateka hana ruhusa ya kununa.

Mabuti, koti na baiskeli alivirudisha kesho yake. Kofia hakuirudisha.

Wale tuliokulia kule tunajua maisha ya bondeni. Mpunga ukianza kutoa masuke, nyumba ya mjini inafungwa, familia inahamia shambani, na mnalala kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji na nguruwe pori wapite chini. Shamba la Mzee Gama lilikuwa upande wa mashariki wa shamba letu, na dungu lake lilitazamana na letu. Katikati palikuwa na ukingo mwembamba wa majani usiolimwa, ambao kila masika mto unapanda juu yake na kuuacha umepinda kidogo. Msimu uliofuata, kila alfajiri ndege kweleakwelea walipoanza kushuka kama wingu, na sisi watoto tumeshika makombeo na madebe, sauti ya Mzee Gama ilivuka ukingo ule: "Mateka wangu, mmeamka?"

"Tumeamka, mla ugali!" mama alijibu. "Kwenu Songea mnakula ugali hata Krismasi, umekuja huku kujifunza kula wali!"

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Kwa kuwa shamba lilikuwa lake, na sisi pia tulikuwa wake, niliona la maana ni kumfanya awe bwana mwema. Nilimpa shikamoo asubuhi, nikampa nyingine nikikutana naye mferejini, na jioni nikampelekea nyingine. Mama akipika kambale, nilimwomba kichwa, nikakipeleka kwenye dungu la jirani na bakuli nimelishika kwa mikono miwili. Mzee Gama alipokea kwa uso ule ule mkavu. "Marahaba, mateka. Huyu mmoja nitamwachia huru mapema." Nililala vizuri siku hizo.

Ndipo wakaja wapimaji. Kijiji kilikuwa kimeambiwa kwamba kila mwenye shamba atapimiwa na kupewa hati ya kimila, na mama alikuwa ameisubiri siku ile kuliko mtu yeyote. Alikuwa mjane, hakuwa na mtoto wa kiume, na ukingo wa majani kila mwaka ulipinda. Bila karatasi yenye jina lake, mvua mbili tatu zingetosha kulisogeza shamba mikononi mwa mtu mwingine. Shamba lile ndilo lililokuwa ada yangu ya shule, sabuni yetu, paa letu. Asubuhi ile alivaa kanga mpya kana kwamba anakwenda ubatizo.

Mpimaji aliyekuja kwetu aliitwa Baraka, kijana wa Dar es Salaam, mpole, ambaye viatu vyake vyeupe vilikufa siku ya kwanza kwenye matope yetu. Shingoni alining'iniza GPS ya mkononi, kidude cha njano na cheusi kama redio ya mlinzi, kinachonuka raba mpya. Mkononi alishika simu aliyoivisha mfuko wa nailoni kuikinga na maji. Kazi yake, alimweleza mama, ilikuwa rahisi: mwenye shamba anatembea mbele kwenye mpaka wake, yeye anamfuata, na kila kona wanasimama mpaka kidude kijue kipo wapi. Kisha majirani wanaulizwa, na majibu yao yanaingia kwenye simu.

Kwenye kona ya kwanza, chini ya mkuyu, tulisimama muda mrefu. Baraka alitazama kioo, akatazama juu, akatikisa kichwa. "Tusogee kidogo, hapa hazituoni."

"Nani hawatuoni?" niliuliza.

"Setilaiti. Ziko juu kabisa, wewe huwezi kuziona, lakini zenyewe zinakuona popote ulipo."

Nilisimama pale pale na debe langu. Maneno hayo, neno kwa neno, mama alikuwa ameniambia kuhusu baba. Kwamba yuko juu, siwezi kumwona, lakini yeye ananiona popote nilipo. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Tulitoka kwenye kivuli, kidude kikalia, Baraka akasema, "Haya, sasa zimetuona," na mimi nikainua mkono nikapunga. Baraka akadhani nafukuza ndege. Furaha niliyokuwa nayo kutoka kona ile hadi ya pili siwezi kuieleza. Baba alikuwa anatutazama tukizunguka shamba lake, na safari hii kulikuwa na kidude cha kupokea atakachosema.

Mwenyekiti wa kijiji, aliyetakiwa kuwepo, alikuwa ametangulia shamba la mbele kuwakusanya watu. Kwa hiyo tulipofika ukingo wa mashariki tulikuwa wanne: mama, Baraka, mimi, na Mzee Gama aliyesimama upande wake na kofia ya baba kichwani. Baraka akasoma swali kutoka kwenye simu, taratibu, kama alivyofundishwa. "Mzee, wewe ni jirani wa mashariki. Unakubali kwamba huu ndio mpaka?"

Mzee Gama akavua kofia. Uso ukarefuka. "Kijana, andika vizuri. Sikubali. Shamba hili lote mpaka kule mferejini ni langu, tangu babu yangu alipowateka babu zao. Na huyu mama unayemwona ni mateka wangu."

Baraka akamgeukia mama. Mama alikuwa ameshika kiuno, anacheka kwa kwikwi. "Ndiyo hivyo, baba," akasema, akifuta macho. "Tufanyeje sisi? Mateka ana usemi gani?"

Nilimwona Baraka akimtazama mama. Uso wake ulibadilika, ukawa na huruma. Akabonyeza simu kwa kidole gumba, simu ikatetemeka kidogo, akasema asanteni, akaenda zake akichechemea kwenye matope. Mama na Mzee Gama wakaendelea kutukanana mpaka kila mtu akafika kwenye dungu lake.

Mimi nilitazama juu. Nilijua baba amesikia, na nikasubiri arekebishe.

Tulivuna, tukapura, tukarudi Lipangalala na magunia. Mzee Gama akasafiri kwenda kwao Songea kupeleka mchele na kukaa msiba wa dada yake. Ramani zikabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ili kila mtu ahakiki shamba lake, na mama akanibeba kwenye baiskeli kwenda kuziangalia. Watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na kidole chake kwenye karatasi. Bonde letu lilikuwa limechorwa kama jamvi la vipande vipande, karibu vyote vya kijani. Nililiona letu kabla mama hajaliona. Lilikuwa jekundu.

Mtendaji wa kijiji alikuja akasoma namba. "Mama Fidea, hapa pana mgogoro. Jirani wa mashariki ameukataa mpaka, na wewe mwenyewe hukupinga."

Mama alicheka. "Gama? Huyo si mtani wangu!"

"Naelewa, mama. Ila mfumo haujui utani."

"Basi nyie mnaoujua ufuteni huo mgogoro."

"Hatuwezi. Mpaka jirani mwenyewe aje aseme kwa mdomo wake. Na asipokuja kabla ramani hazijarudi wilayani, shamba lako litabaki kusubiri awamu nyingine."

"Awamu hiyo ni lini?"

Mtendaji alitazama ukuta. Hapo ndipo kicheko cha mama kilipokwisha. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akisukuma baiskeli kana kwamba amesahau inapandwa.

Simu ya Mzee Gama haikupatikana. Mama alipiga kila alipopata mahali penye mtandao, na kila mara ile sauti ya mwanamke ilimjibu kwamba mteja hapatikani. Siku zikaenda, na maneno yakaanza. Pale bombani mwanamke mmoja alisema, bila kushusha sauti, kwamba Mngoni yule anaujua utamu wa ardhi ile, utani kwake ni mlango tu wa kuingilia. Mwingine akauliza, "Na kofia ya marehemu si aliichukua kweli?" Mama alijaza ndoo yake akaondoka. Lakini jioni, akiwa anapepeta, mikono yake ikasimama hewani, na nikamsikia anajiambia mwenyewe: "Kofia kweli hakuirudisha."

Nilimwonea huruma. Niliona kama vile ndiye aliyechelewa kuelewa. "Si alisema, mama," nikamwambia. "Siku ya kumzika baba. Alisema shamba ni lake na sisi ni wake. Mbona tulijua?"

Mama aliweka ungo chini. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. "Wewe muda wote huu ulikuwa unaamini?"

"Ndiyo."

"Na vile vichwa vya kambale?"

"Vilikuwa vya kumtuliza."

Mama akanivuta kifuani, akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na akanieleza utani ni nini, mikuki, babu zetu na babu zao, kuzuia makaburi, yote. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamuuliza swali ambalo mpaka leo anapenda kuwasimulia watu: "Sasa kama ni utani, mbona unalia?"

Nikaona hapo hapo nitoe na lile lililokuwa linaniuma zaidi. Nilimuuliza kwa nini baba, aliyeona na kusikia kila kitu kule juu, aliacha shamba letu liwe jekundu. Ilimchukua muda kunielewa. Nilipomweleza kuhusu kupunga mkono, alifumba macho. "Zile ni mashine, Fidea," alisema. "Watu wamezitengeneza wakazirusha. Zinajua mtu yuko wapi, basi, hazijui anasema nini. Baba yako hayumo humo."

Mtu angetegemea nihuzunike. Badala yake nilihisi kama nimetuliwa gunia mgongoni. Baba hakuwa ametusaliti. Hakuwepo tu kwenye kazi ile, na angekuwepo angesema.

Mzee Gama alirudi mchana mmoja, amebeba kiroba begani, kofia imeinama upande. Tulimsikia kabla hajaingia uani. "Mateka wangu! Nimewaletea unga wa mahindi, mle chakula cha binadamu kwa mara ya kwanza!"

Mama alinyanyuka kwenye kigoda, akafunga kanga vizuri. "Karibu, Mzee Gama," akasema.

Tangu nimjue, mama hakuwahi kumwita hivyo. Alimwita Mngoni, mla ugali, mtani, kila kitu isipokuwa jina lake la heshima. Mzee Gama alisimama katikati ya ua na kiroba begani. "Nani amekufa?" akauliza.

Mama akamweleza. Alimweleza kwa utulivu, kama mtu anavyojieleza kwa daktari, ramani, rangi nyekundu, wilaya, simu isiyopatikana. Mzee Gama alishusha kiroba, akakaa juu yake. Ule uso mkavu ambao nilikuwa nauogopa mwaka mzima ukaanza kutetemeka kidevuni.

"Mimi?" akasema. "Mimi nichukue shamba la Oswald? Na wewe ukaamini?"

"Sikuamini," mama alisema. "Ila kofia hukuirudisha."

Alivua kofia akaiweka magotini, akaupapasa utepe. "Vingine vyote nilivirudisha kwa sababu ni vitu," alisema polepole. "Hii niliibakiza makusudi. Kila nikivuka pale na kofia hii, wewe unanitukana. Ningeirudisha, ungenitukana kwa lipi? Tungekuwa majirani tu, shikamoo na marahaba. Oswald asingependa." Kisha akanitazama mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya nguzo. "Siku yangu ikifika mtaichukua wenyewe. Huyu ndiye ataichukua, kwa haki ya utani. Lakini kama mnaitaka leo, hii hapa."

Akanyoosha mkono wenye kofia. Mama akausukuma mkono ule urudi. "Kaa nayo," akasema. Halafu akaongeza, na sauti yake ikapanda kidogo tu: "Nani avae kitu kilichonuka Ungoni."

Mzee Gama aliinama akafunika uso kwa ile kofia, mabega yakamtikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

Kesho yake mama na Mzee Gama walimleta Baraka. Aliposikia habari nzima alishika kichwa. "Mama, mimi nilidhani nakusaidia," alisema. "Nilimwona mjane anasema hana usemi, nikasema niweke mgogoro, wakubwa waone, wamtetee." Mama akamwambia kijana aliyezaliwa Dar es Salaam hana kosa, kosa ni la wazazi wake ambao hawakumtafutia watani. Tukatoka kwenda shambani, safari hii na mwenyekiti na nusu ya kijiji nyuma yetu, maana habari ilikuwa imeshasambaa na hakuna aliyetaka kuikosa.

Mzee Gama aliomba ashike kidude mwenyewe. Alikibeba kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa, akatembea juu ya ukingo wa majani kutoka kona hadi kona, hatazami kushoto wala kulia. Mabua makavu yalilia chini ya miguu yetu. Kwenye kona ya mwisho kidude kikalia, na Baraka akafungua simu.

"Mzee, unakubali kwamba huu ndio mpaka?"

Nilikuwa karibu naye kabisa, nikaona. Nikaona utani unavyompanda kutoka tumboni, unafika kooni, unagonga meno. Uso ukaanza kurefuka kwa mazoea. Mama alikunja ncha ya kanga kwenye ngumi. Nadhani haikuwahi kuwepo nafasi tamu kama ile katika maisha yake yote, na umati wote ule. Akameza mate, nikaliona koromeo likishuka.

"Nakubali," alisema Mzee Gama.

Kidole gumba kikabonyeza, simu ikatetemeka. Baraka akaigeuza ili mama aone, na mimi nikajipenyeza chini ya kwapa lake nikaona pia: kile kipande chekundu kikageuka kijani. Sijawahi kuona rangi nzuri hivyo tena. Mama alikaa chini, pale pale kwenye mabua, na kanga yake mpya.

"Imezimwa?" Mzee Gama aliuliza, akinyoosha kidole kwenye simu.

"Imezimwa, mzee."

"Una hakika haisikii?"

"Haisikii."

Akavaa kofia. "Basi sasa niseme ukweli. Shamba hili lote ni langu, na huyu mama ni mateka wangu."

Bonde zima lilicheka. Nilicheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, na nilicheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu sasa nilijua kinachochekesha. Mama alipata hati yake yenye jina lake na picha yake, na kwa hati ile nimesoma mpaka hapa nilipofika.

Basi ndiyo hivyo, jana nilishuka Ifakara na simu yenye chaji. Nyumba ya Mzee Gama ilikuwa imejaa, wanawake wanapika, wanaume wamekaa na nyuso za msiba. Niliingia moja kwa moja mpaka kaburini, nikasimama kwenye ukingo wa shimo, nikatangaza kwamba hazikwi mtu. Mwanawe mkubwa, ambaye amerithi uso ule ule mkavu, akauliza mateka anataka nini.

"Nataka kofia yangu," nikasema.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa nayo. Ukindu ulikuwa umemeguka ukingoni na utepe wa bluu umebaki uzi. Niliivaa. Ilinuka jasho na moshi na Songea yote, na chini kabisa ya harufu hizo nilijilazimisha kunusa baba.

Kisha nikatoa simu, nikafungua ramani, nikaanza kuzunguka kaburi kona kwa kona, nikisimama kila kona na kutazama juu. Mama, aliyekuwa amekaa mkekani, alishaanza kucheka na kujifuta. Nikawaambia waombolezaji wasubiri kidogo, hazijatuona bado. Nikawaambia kaburi hili lote, mpaka kule mferejini, limeingia shambani kwangu. Watu wakashikana mabega kwa kicheko, na wajane wawili watatu wakalia kwa sauti.

Kwenye kona ya mwisho nilisimama kichwani pa kaburi. Nikafanya uso mkavu, mkavu kadiri nilivyoweza, nikasoma swali taratibu.

"Mzee Gama. Unakubali kwamba huu ndio mpaka?"

Nilimpa nafasi ya kujibu, kama inavyotakiwa. Halafu nikabonyeza: hakuna mgogoro.